Gari Lililogonga Mama Mkwe Akipanda

Gari la baba mkwe wangu lilikuwa na ugonjwa ambao sijauona tena mpaka leo nazeeka na spana mkononi.

Lilikuwa linagonga mama mkwe akiwa ndani tu.

Akipanda mwingine yeyote, kimya. Pakia kahawa, pakia ndizi, pakia kwaya nzima ya kigango, kimya. Akipanda mama mkwe, mkifika kwenye mteremko wa Rugera, mbele upande wa kushoto unasikia: ko.

Unakaa kidogo. Ko.

Msicheke. Mimi nilicheka mwanzoni, na kicheko chenyewe kilinitokea puani.

Naitwa Methodius, fundi magari, Nyaishozi. Ninayowasimulia ni ya miaka ya themanini katikati. Vita vya Amin vilikuwa vimepita, ila maduka yalikuwa bado matupu. Ukitaka lainingi za breki unakwenda Bukoba, Bukoba wanakwambia jaribu Mwanza, Mwanza wanakutazama kama umeomba figo ya mtu.

Ndiyo maana madereva wetu wote walikuwa na dini moja: mtu wa milima hashuki kwa breki, anashuka kwa gia. Unaweka gia ya pili, injini inalia, gari linajishika lenyewe. Breki ni za kusimamia.

Aliyenifundisha dini hiyo ni baba mkwe mwenyewe, Mzee Elpidius. Alikuwa na Pijo 404, pikapu, na alikuwa mwenyekiti wa kigango. Mtu wa heshima zake. Alijisifu mbele za watu kwamba lainingi zake zitamzika.

Shikeni hilo la breki, tutalirudia.

Sasa, kwa nini kugonga kule kulikuwa balaa na si kichekesho?

Kwa sababu ya Laurensia.

Laurensia alikuwa binti mkubwa wa nyumba ile, dada wa mke wangu Kokuberwa. Aliolewa Kanoni na kijana mmoja mpole, Celestin. Mimba ya kwanza ilipokomaa alirudi kujifungulia kwa mama yake, Rugera, kama desturi ilivyo.

Uchungu ukamshika jioni, ukawa mbaya. Kesho yake asubuhi ndipo walimpakia garini kwenda hospitali. Hakufika. Alikata roho kwenye mteremko ule ule, kaegemea mlango wa kushoto. Mtoto naye akaenda naye.

Msibani watu waliuliza kwa nini hawakuondoka jioni ile ile.

Mama mkwe akajibu mbele ya wote, "Mimi ndiye niliyesema tusubiri asubuhi. Nilidhani uzazi wa kwanza unachelewa tu."

Basi. Lawama ikamkalia. Ukoo wa Kanoni wakaacha kumpa mkono. Na kila aliyemwita jina lake alikuwa anamchoma upya, maana jina lake lilikuwa hilo hilo, Mama Laurensia.

Miezi ikapita, gari likaanza kugonga. Kushoto. Chini ya kiti kile kile. Akikaa yeye tu.

Wewe ungewaza nini?

Yeye aliwaza ni mwanae. Taratibu akaacha kuongea. Akawa analima kimya, anapika kimya, anakula vijiko viwili na kusukuma sahani.

Wakati huo Kokuberwa wangu alikuwa na mimba, ya kwanza. Alipotuma salamu kwamba anakwenda kujifungulia Rugera, mama yake alimjibu, "Usije kwangu. Na mimi siji kwako. Laurensia hataki nisogelee uzazi."

Koku alilia mpaka nikaogopa.

"Methodius," akaniambia, "wewe si fundi? Mtoe dada kwenye hilo gari. Mimi sizai bila mama."

Nikaenda kwa mzee kuomba gari.

"Angalia tu," akasema, bila kunitazama. "Hutaona kitu."

Nilidhani ananidharau. Nikalichukua gari kwa hasira.

Nikapiga jeki. Nikatikisa tairi juu na chini, nikatikisa kulia na kushoto. Boljointi nzima. Shokapu imechoka, ila haigongi. Springi nzima. Nikalipeleka kwenye makorongo, nikalipitisha kwenye mawe kwa makusudi. Kimya. Nikaweka gunia la maharage kwenye kiti cha kushoto, uzito wa mama kabisa. Nikashuka mteremko wa Rugera kwa gia ya pili, dirisha wazi, sikio nje.

Kimya. Nilisikia injini na ndege.

Hapo kicheko kikaniisha.

Fundi yeyote anajua: ukitaka kusikia kelele, mchukue yule anayeisikia. Nilimhitaji mama mkwe akae kwenye kiti kile, mimi niendeshe.

Lakini kwetu mkwe na mama mkwe ni moto na petroli. Hampeani mkono. Hamkai kiti kimoja. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani yeye anaingia migombani, wewe unatazama mbingu. Mkiwa na neno, mnampa mtu wa tatu awapelekee. Nimkalishe bega kwa bega kwenye kabini ya pikapu? Ukoo ungenifukuza Karagwe.

Koku akambembeleza mama yake kwa Jumapili moja tu. Wakaelewana hivi: mzee ataendesha, mama atakaa mbele, mimi nitakaa nyuma kwenye bodi. Tena nitoe mgongo, nisichungulie kioo cha kabini.

Jumapili ikafika, asubuhi ya ukungu. Mnaoijua Karagwe mnaujua ukungu wetu, ule mzito unaomla ng'ombe na pembe zake. Nikapanda nyuma, nikageuza mgongo, macho barabarani tulikotoka. Nilijiona mjinga. Kelele iko mbele kushoto, fundi katazama nyuma.

Tukaanza kushuka.

Kwa ndani nikasikia sauti ya mama, ndogo. Kwanza nilidhani anasali.

"Laurensia mwanangu..."

Ko.

Na ukungu nyuma ya gari ukawa mwekundu.

Mara moja tu, kisha ukarudi kuwa mweupe. Sauti ya mama ikakatika.

Nikakaa sawa. Tukashuka zaidi. Sauti ikaanza tena, kwa woga.

Ko. Mwekundu.

Wakuu, sikilizeni. Ile nyekundu ilikuwa taa ya breki, taa niliyoifunga kwa mikono yangu. Ningekaa nimetazama mbele kama fundi mwenye akili zake, nisingeiona milele.

Mzee Elpidius, mtu wa gia ya pili, mtu wa lainingi zitakazomzika, alikuwa anakanyaga breki.

Tulipofika kanisani mama alishuka akaingia na wenzake. Mimi sikuingia. Nikachukua mtaimbo, nikajilaza chini ya gari na suruali yangu ya Jumapili.

Kuna mkono wa chuma unaolishika tairi kwa chini. Mwanzoni mwa mkono huo kuna bushi, pete nene ya mpira, ili chuma kisigusane na chuma. Bushi la nyuma lilikuwa limekwisha. Kwa nje limepakwa grisi na matope yaliyokauka, unaliona zima. Ukitikisa tairi kwa mkono halichezi. Lakini nilipousukuma ule mkono kurudi nyuma kwa mtaimbo, kama breki inavyousukuma, chuma kikapiga chuma.

Ko.

Ndiyo maana hakuna aliyelisikia. Sisi wote tulikuwa tunashuka kwa gia, na kusimama polepole kwenye tambarare hakuusukumi mkono ule. Ujanja wetu wa kubana breki ndio uliotuziba masikio.

Nikatoka chini. Mzee alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, baba. Ni bushi. Linagonga ukikanyaga breki."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Akakaa juu ya jiwe. Ndani walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kuingia, na yeye mwenyekiti wa kigango yuko nje.

"Mkwe," akasema, "siku ile ya Laurensia mimi nilikuwa nimelewa. Nilitoka kunywa rubisi ya ndizi, sijiwezi. Mama yenu alinimwagia maji. Nikaanguka mlangoni na ufunguo mkononi. Hakuna mwingine pale aliyejua kuendesha. Ndipo akatoka nje, akawaambia majirani ameamua tusubiri asubuhi."

Nikaweka mtaimbo chini.

"Alinisitiri. Kwa siku moja, alidhani. Mtoto akafa, basi ikawa ya maisha."

"Na breki je?"

"Siku moja tunashuka, tuko wawili tu, akaniambia, 'Elpidius, nimechoka kubeba. Nakwenda Kanoni kuwaambia ukweli.' Nikashtuka, mguu ukagusa breki. Likagonga. Akashika kifua. Akasema, 'Umesikia? Mtoto anakataa nisiseme.' Akanyamaza."

Akageuza kofia mkononi.

"Nami sikumwambia kwamba ni breki. Jumapili nyingine akaanza tena."

"Ukakanyaga."

"Nikakanyaga. Waitu, mkwe, siku hizi mguu unakwenda wenyewe. Akitaja jina tu unakwenda."

Niliuangalia ule mguu wake, kiatu cheusi kilichopigwa rangi vizuri kwa ajili ya misa. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wote.

"Nitatengeneza," nikamwambia.

"Tengeneza," akasema. Akaingia kanisani, akakaa benchi la nyuma kabisa.

Nilirudi gereji nikaanza kuchonga bushi kwa kipande cha tairi la lori. Ndivyo tulivyofanya, dukani hakuna. Nikachonga na hasira. Koku sikumwambia kitu kwa sababu ya hali yake. Niliwaza tu jinsi mama wa watu alivyozibwa mdomo na bushi bovu.

Bushi lilikuwa mfukoni mwangu, halijafungwa, uchungu ulipomshika Koku asubuhi moja. Nikawaachia majirani wanawake, nikakimbia na baiskeli mpaka Rugera.

Nikamkuta mzee uani amevaa koti lake la Jumapili, na haikuwa Jumapili. Kashika fimbo.

"Shikamoo baba. Koku yuko kwenye uchungu. Anamtaka mama yake."

Akatoa ufunguo akanipa.

"Mpeleke mama yako kwa mwanae. Mimi leo natembea."

Hivyo tu. Akaingia kwenye njia ya migombani, akaenda.

Nikasonya. Mkewe anahitajika, bintiye anazaa, yeye anatembea! Nikasema moyoni, huyu anakimbia. Anaona siku yake imefika, anakimbia.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kanga imefunika nusu ya uso. Mtu wa tatu wa kusemezana naye hakuwapo. Kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye nguzo.

Mama akamgeukia mbuzi.

"Mbuzi, mwambie fundi gari hilo sipandi. Nitakwenda kwa miguu."

Mimi nami, kichwa chini, nikamjibu mbuzi.

"Mbuzi, mwambie mama, kwa miguu atamkuta mwanae amemaliza. Au amemalizika."

Lilikuwa neno baya. Nililiona likimpiga. Lakini alisogea, akashika bodi ili apande nyuma.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mama akae mbele. Kuna kitu nataka akione. Ikiwa ni dhambi, iwe yangu."

Akaiachia bodi. Kisha akafungua mlango wa kushoto, akakaa, akajikunyata mlangoni kabisa ili hata nguo zetu zisigusane.

Tukafika mteremko. Nikaweka gia ya pili. Injini ikalia. Kimya.

Nikasema, "Laurensia."

Kimya.

Nikaunyoosha mguu taratibu, ili auone, nikagusa breki.

Ko.

Nikaachia. Nikagusa tena.

Ko.

Sikumtazama. Nilitazama barabara. Lakini nilijua kanga imeshuka, na macho yake yako kwenye kiatu changu.

"Rudia," akasema.

Aliniambia mimi. Hapakuwa na mbuzi.

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia tena. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujua ni ya nini.

"Yeye anajua?" akauliza.

Hapo, ndugu zangu. Hapo ndipo ningeweza kusema, "Muulize mwenyewe." Maneno mawili tu. Badala yake nikajibu kama fundi anayemkabidhi mwenye gari kipuri kibovu mkononi.

"Anajua, mama. Tangu mwanzo. Alikuwa anakanyaga ili unyamaze."

Hakulia. Alijifunika tena kanga, akasema, "Kaza mwendo, mwanangu anasubiri."

Koku alijifungua salama, mama yake kamshika mabega. Mtoto wa kiume. Kelele zake zilisikika barabarani. Nilitembea pale nje kifua mbele. Nilikuwa shujaa, nani kama mimi? Nimegundua kelele iliyowashinda wote, nimemtoa mama kifungoni, nimepata dume. Jioni nikalala chini ya gari nikafunga bushi, nikapiga mluzi.

Mama mkwe hakurudi Rugera. Alikaa kwangu, nyumbani kwa mkwe, kitu ambacho kwetu hakifanyiki. Alipoulizwa alisema tu, "Namlea mzazi."

Na alianza kuongea. Aliongea sana. Alimwambia kila aliyekuja kumwona mtoto.

Celestin naye akaja kutoka Kanoni na kuku wa hongera. Nikamsindikiza njiani.

"Baba alituumiza," akasema, "lakini nimemheshimu."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuja mwenyewe. Siku mtoto wako anazaliwa alifika kwetu kwa miguu, na koti lake. Akapiga magoti mbele ya wazee wote. Akasema, aliyemuua Laurensia ni mimi na rubisi yangu, mama yake msimguse. Wazee walitaka alale. Akakataa. Alisema anawahi nyumbani kumwambia mkewe yote kwa mdomo wake, kabla hajayasikia kwa mwingine."

Nilisimama pale barabarani.

Natembea. Aliniambia, leo natembea. Aliyataka yale maumivu ya miguu. Na wakati yeye anakata vilima kwenda kujivua nguo mbele ya ukoo wa watu, mimi nilikuwa mteremkoni nanyoosha mguu wangu msafi.

Alirudi jioni akakuta moto umezimika na mbuzi analia kwa njaa. Jirani aliyetoka kumwona mtoto akamwambia, mkwe wako ameshamwambia mkeo yote.

Nikamkimbilia mama mkwe. Nikamweleza yote, uso kwa uso, sikumtafuta mtu wa tatu.

Alisikiliza huku anamfunga mtoto nepi.

"Alikwenda Kanoni kwa kuwa aliona umemshika," akasema. "Mwizi akishikwa ndipo anarudisha."

"Mama, alitoka kabla. Alinipa ufunguo akaondoka. Hakujua nitakuonyesha."

"Wewe alikueleza kanisani. Alijua fundi hafichi. Unamtetea baba yako, ni vizuri. Lakini mimi usinitengeneze."

Sikuweza. Mpaka leo najilaumu. Watu wananiambia ulifanya vema, ulimfungua mama wa watu. Kweli, alifunguka. Alinenepa, aliimba, akina mama wa Kanoni walirudi kumpa mkono. Lakini yule mzee alikuwa ameokota neno moja gumu, amelibeba mlima na mlima amletee mkewe, nami nikalitangulia na gari lake mwenyewe.

Mama alirudi Rugera baadaye, kibanja chenye migomba yako hakiachwi. Alimpikia mzee, alimfulia. Ila kiti cha mbele hakukikalia tena. Jumapili alipanda nyuma kwenye bodi, mgongo kwa dereva, kama nilivyokaa mimi.

Na mzee akaanza kuja gereji.

"Mkwe, naona kama linagonga."

Nikapanda naye. Tukashuka mteremko. Nikakanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga. Bushi langu zima, kimya kabisa.

"Haligongi, baba."

"Sikiliza vizuri."

Nikasikiliza. Hakuna kitu.

Alikuja miaka yote, mpaka nguvu zilipomwisha. Mwanzo nilimbishia. Baadaye niliacha. Nilikuwa nachukua spana, naingia chini ya gari, nakaza nati iliyokwisha kazwa, makusudi kwa kelele, ili aisikie spana inafanya kazi.

"Tayari, baba."

"Limeacha?"

"Limeacha."

Alinishukuru kila mara, na kila mara nilibaki kule chini kidogo ili asinione uso.

Vijana mnaojifunza ufundi, hata wa kutengeneza mambo ya watu, chukueni hili moja kwangu. Kelele ukiipata usiwe na haraka ya kuitangaza. Kabla hujalegeza nati, jua kwanza imeshika nini, na kama mwenyewe hajatoka nyumbani kuja kuilegeza.